Mtoto wa miezi sita ana pumu ya ngozi, nimpe uji wenye karanga au nisubiri?

Mama Imani, Mbagala
Habari za jioni wanajamvi, naombeni ushauri. Binti yangu ana miezi sita na nusu, ndiyo kwanza ameanza kula. Boga la kuponda anamaliza kibakuli. Sasa mama mkwe katuma kilo tatu za unga wa lishe kutoka Singida, kausagisha mwenyewe: ulezi, mtama, soya na karanga za kutosha. Ila mtoto ana pumu ya ngozi. Mashavu na mikunjo ya viwiko mekundu, usiku anajikuna mpaka asubuhi nakuta damu kwenye shuka. Wifi anasema karanga mpaka afike miaka mitatu. Mama mkwe anasema kalea sita kwa uji huohuo. Baba yake yuko safarini. Nifanyeje?

Kaka wa Tegeta
Mpe tu dada. Sisi sote tumekulia karanga.

Sista Temeke
Kaka, taratibu. Mtoto anayejikuna hadi damu si sawa na mwingine.
Mama Imani, ya wifi yako yalikuwa ushauri kweli, ila umepitwa. Mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walisema wenye hatari ya mzio wasubiri hadi miaka mitatu, 2008 wakaachana nao. Mwaka 2015 yakatoka majibu ya utafiti wa London: watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wana pumu kali ya ngozi, mzio wa mayai au vyote viwili. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, mzio kwa waliokula ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 80. Inaelezwa kwamba chembe za karanga zikipenya kwenye ngozi iliyochubuka, mwili unazichukulia kama adui. Zikianzia tumboni, unazizoea kama chakula.
Kwa hiyo kuchelewesha hakumsaidii. Lakini wale watoto walipimwa kwanza kwenye ngozi kama wana mzio wa karanga. Wako naye aonwe na daktari kabla ya kuonja, na ngozi itibiwe. Usijaribu peke yako nyumbani.

Baba Junior
Mimi yalinikuta. Mwanangu alikuwa na miezi minane, alikula uji wa lishe vijiko vinne. Kama dakika kumi hivi, vipele vikaota kuzunguka mdomo, kope zikavimba, akatapika, kisha akaanza kukohoa na kifua kinapiga filimbi. Nilimbeba kwenye bajaji analegea mikononi. Walimchoma adrenalini pajani, ndiyo akarudi.
Halafu daktari akauliza: kala nini? Unga ulikuwa na karanga, soya, ngano na dagaa. Tulihangaika wiki kadhaa hadi kujua ni karanga. Dada, usianze na mchanganyiko, nakusihi.

Bi Mkubwa wa Tandika
Daktari akikuruhusu, mpe mchana, akiwa mzima, hana mafua. Siagi ya karanga laini kabisa, kijiko cha chai, ikorogwe kwenye uji wa moto hadi iwe nyepesi, ipoe. Mwonjeshe ncha ya kijiko, subiri dakika kumi, ndipo umalizie polepole. Kaa naye saa mbili, asilale. Akipokea vizuri, endelea mara tatu kwa wiki, usimpe siku moja ukaacha.
Karanga nzima marufuku mpaka miaka mitano, zinapalia. Na kabla ya kusaga zichambueni: iliyosinyaa, yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi kwa kukaanga.

Mama Imani, Mbagala
Asanteni sana, nimesoma yote nikilia. Baba Junior, pole mno. Kesho alfajiri niko kliniki na kadi yake. Mama mkwe nimempigia, nilidhani atakasirika. Kanyamaza kidogo, kisha kasema atasaga unga mwingine bila karanga, na karanga atazifunga peke yake zije zikisubiri neno la daktari.