Silensa inapanda na kushuka injini ikishapata moto: nipime nini kabla ya kununua throtoli?

Mkazi wa Dodoma

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa mafundi na wamiliki wenye uzoefu kuhusu Toyota Spacio ya mwaka 2002, injini 1NZ-FE, gia otomatiki, throtoli (mlango wa hewa wa injini) ya kuvutwa kwa waya. Asubuhi gari linawaka vizuri, silensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga pedeli, inakuwa juu kidogo kama ilivyo kawaida ya injini ya baridi, kisha inashuka taratibu. Tatizo linaanza injini ikishapata moto. Mshale wa mizunguko unashuka hadi karibu 500 kwa dakika, unaruka hadi 1,100 na zaidi, unashuka tena, na unaendelea hivyo bila mimi kugusa pedeli. Nikisimama kwenye mataa gia ikiwa D, gari hutetemeka na mara nyingine huzimika. Nikiweka R ili nitoke kwenye maegesho, hali huwa mbaya zaidi kuliko D, na AC ikiwashwa ndiyo kabisa. Barabarani, kwa mwendo wa kawaida, sioni kasoro yoyote. Gari linavuta hata mlimani. Taa ya injini imewaka.

Gereji ya kwanza walibadilisha plagi na chujio la hewa, pasipo mafanikio. Baadaye wakakaza ile skrubu ndogo inayozuia kipepeo cha throtoli (kibati kinachofungua na kufunga hewa) kisifunge hadi mwisho, wakisema itainua silensa. Gari halizimiki mara nyingi kama awali, lakini sasa mshale unaruka juu zaidi. Ushauri wao wa mwisho ni kwamba ninunue throtoli kamili iliyotumika, pamoja na vali yake ya silensa. Bei yake si ndogo, na sijaelezwa ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba throtoli imekufa. Ninaomba kujua nianze kupima wapi, na kama ile skrubu inapaswa kurudishwa ilipokuwa.

Fundi Umeme, Tanga

Ndugu Mkazi wa Dodoma, pole. Usinunue throtoli kwanza. Kwa maelezo yako, ushahidi unaelekea kwenye hewa inayoingia kwenye injini bila kuhesabiwa, na hilo linapimika bila kununua kitu.

Katika injini yako, mguu ukiwa nje ya pedeli, kipepeo cha throtoli hukaribia kufunga kabisa, na hewa ya silensa hupita pembeni kwa njia nyembamba inayofunguliwa na kufungwa na vali. Kompyuta ndiyo inayoiongoza vali hiyo. Inasoma joto la maji, inasoma kama AC imewashwa, inasoma sensa ya hewa iliyo mara tu baada ya boksi la chujio, kisha inapima petroli inayolingana na hewa hiyo. Ukitokea upenyo mahali popote baada ya sensa ya hewa, hewa ya ziada inaingia bila kompyuta kuiona, mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, na injini inaanza kuyumba. Kompyuta inajaribu kusahihisha, inapitiliza, inarudi nyuma, inapitiliza tena. Mizunguko ikiruka juu mno huku throtoli imefungwa, kompyuta hudhani gari linateremka kwa gia na hukata petroli kabisa kwa muda mfupi. Mshale huanguka, petroli hurudi, na mzunguko ule unajirudia. Asubuhi huoni tatizo kwa sababu injini ya baridi hupewa petroli nyingi kwa makusudi na vali ya silensa huwa imefunguka sana, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu ndogo tu ya hewa yote. Barabarani nako ni vivyo hivyo, kwa kuwa throtoli imefunguka.

Kipimo cha kwanza ni kusoma kumbukumbu ya makosa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ya miaka hiyo mara nyingi hayaongei na vile vifaa vya bei nafuu vya Bluetooth, hata kama soketi inalingana kabisa, kwa hiyo mtu husema kompyuta imekufa ilhali ni lugha tu imetofautiana. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani. Ukikosa, kuna njia ya zamani: swichi ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu namba 4 na namba 13 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, kisha washa swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini itapepesa namba yenye tarakimu mbili. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha mitano, ni 25, yaani mchanganyiko wenye petroli pungufu, ambao kwenye mashine huandikwa P0171. Hesabu matundu kwa makini sana, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja na ukiigusisha na erthi utaunguza fyuzi au kitu kibaya zaidi.

Ukipata mashine, mwombe fundi akuonyeshe asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, ile ya muda mfupi na ile ya muda mrefu, azijumlishe. Jumla isiyozidi 10 juu au chini si ya kukutia wasiwasi. Jambo la maana ni kulinganisha. Ikiwa silensani inaongeza 20 na zaidi, halafu ukishikilia mizunguko 2,500 inashuka hadi chini ya 5, una upenyo wa hewa. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyoongeza mizunguko, usitafute upenyo. Tafuta pampu dhaifu, chujio la petroli lililoziba, au sensa ya hewa iliyopakaa vumbi na kutoa hesabu pungufu.

Kuhusu skrubu: ndiyo, irudishwe. Kiwandani huwekwa kwa kupima hewa, wala haikuwekwa kwa ajili ya kupandishia silensa. Ukiikaza, sensa ya mkao wa throtoli husoma kwamba mguu bado uko kwenye pedeli, na kompyuta inaweza kuacha kabisa kuiongoza silensa. Pima volti ya sensa hiyo kipepeo kikiwa kimefunga. Iwe takribani kati ya 0.3 na 1. Rudisha skrubu hadi kipepeo kifunge bila kukwama.

Spana Kumi

Nakubaliana na fundi wa Tanga, ila naona kuna sentensi katika swali ambayo imepitwa haraka: R ni mbaya kuliko D. Vali ya silensa yenye masizi haina sababu ya kutofautisha R na D, kwa kuwa mzigo wa gia hizo mbili gari likiwa limesimama unakaribiana. Kinachotofautiana ni upande ambao injini inaegemea. Ukiweka D inajipinda upande mmoja, ukiweka R inajipinda upande wa pili, na mauntingi (raba zinazoshikilia injini) zikiwa zimechoka mwinuko huo unakuwa mkubwa wa kuonekana kwa macho. Kitu kinachounganisha injini inayocheza na boksi la chujio lisilocheza ni ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye throtoli. Mpira wa umri huo, kwa joto la boneti zetu, hupasuka ndani ya mikunjo, na mara nyingi upande wa chini ambako hakuna anayetazama. Injini ikitulia ufa hujifunga. Ikijipinda ufa hufunguka.

Kwa hiyo ufungue mpira huo wote, utoe nje, uukunje kwa mikono miwili mkunjo kwa mkunjo mbele ya mwanga. Kuutazama ukiwa mahali pake hakutoshi kabisa. Ukishaurudisha mahali pake na injini ikiwa inawaka, mwambie mtu aweke mguu imara kwenye breki, avute na hendibreki, abadilishe gia kutoka D kwenda R, nawe utazame injini ukiwa umesimama pembeni, kamwe si mbele au nyuma ya gari.

Kagua pia mpira mnene unaokwenda kwenye buta la breki (kile kifaa kinacholainisha pedeli ya breki), na vali ya kupumulia mvuke wa injini pamoja na mpira wake mfupi, ambao hulainika kwa oili na kujikunja ndani. Jaribio la haraka: injini ikiwa silensani, fungua kifuniko cha kujazia oili. Katika injini isiyo na kasoro silensa inapaswa kuyumba mara moja. Isipobadilika hata kidogo, hewa tayari ilikuwa inaingia mahali pengine, au njia ya mvuke imeziba.

Nawasihi mafundi waache kupuliza dawa ya karbureta ovyo kwenye injini ya moto ili kusikiliza mabadiliko. Inafanya kazi, sikatai, lakini dawa hiyo ni moto mtupu ikifikia bomba la moshi au waya wa plagi unaovuja. Maji kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia, yakielekezwa kwenye kiungo cha manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) tu, yanaonyesha upenyo mkubwa vizuri. Na gereji yenye mashine ya moshi, ile inayopuliza moshi ndani ya njia ya hewa ili upenyo uonekane, itamaliza suala hilo kwa dakika chache.

Mama Spea

Ndugu zangu, hata mimi naona dalili za hewa, lakini vali ya silensa isiachwe. Nauza spea na ninaona throtoli nyingi zinazoletwa kama mfu. Nyingi zina masizi tu, zikisafishwa zinarudi kazini. Vali hiyo ya Spacio iko chini ya throtoli, na maji ya rejeta hupita kwenye mwili wa throtoli, kwa hiyo kazi ifanyike injini ikiwa imepoa kabisa, na mwishoni maji yajazwe na hewa itolewe. Sehemu yenye koili ya umeme isilowekwe. Gasketi yake iwe mpya. Gundi ya silikoni mahali hapo huingia kwenye njia ya hewa na kuleta tatizo lingine. Sensa ya hewa nayo ina dawa yake maalumu, na waya wake mwembamba usiguswe kwa pamba wala kidole.

Na kwa atakayeidhania petroli iliyochakachuliwa, hiyo ingeleta kukosa nguvu hata barabarani, kwa hiyo hapo sioni haja ya kuisingizia.

Mkazi wa Dodoma

Nawashukuru sana. Nimerudi na majibu, na nimeona ni haki kuyaweka hapa kwa faida ya wengine.

Taa ilipepesa 25. Fundi mwingine mwenye mashine inayosoma gari hili alionyesha kompyuta inaongeza petroli asilimia 22 silensani na asilimia 4 kwenye mizunguko 2,500. Tulipotoa mpira wenye mikunjo, juu ulikuwa mzima kabisa, lakini chini, ndani ya mkunjo wa pili kutoka kwenye throtoli, kulikuwa na ufa unaoweza kuingiza ukucha. Mauntingi ya mbele imekatika raba. Gia ikiingia R injini ilionekana wazi ikiinuka. Tumeweka mpira mpya na mauntingi mpya, tumeirudisha skrubu, na volti ya sensa ya throtoli imekuwa 0.6. Baada ya kufuta kumbukumbu na kuendesha, ongezeko la petroli silensani limekuwa asilimia 5. Mshale sasa umetulia karibu na 700, R na D sawasawa.

Limebaki moja: AC ikiwashwa, silensa inashuka hadi kama 550 kwa muda mfupi kabla ya kurudi. Haizimiki.

Fundi Umeme, Tanga

Asante kwa kurudisha majibu, na hongera kwa Spana Kumi kwa kuisoma ile R. Hilo la AC ndilo la vali sasa. Kompyuta inapopokea taarifa kwamba kompresa ya AC inataka kushika, inapaswa kuifungua vali kabla mzigo haujafika. Vali yenye masizi huchelewa, na mshale hushuka kabla ya kunyanyuka. Fanya kama alivyoeleza Mama Spea: isafishe, weka gasketi mpya, toa hewa kwenye maji. Ukimaliza, acha injini ipate moto bila mzigo wowote hadi feni ya rejeta iwake na kuzima, kisha washa AC uiache dakika chache gia ikiwa P, halafu D huku umekanyaga breki. Ikiendelea kushuka baada ya hapo, pima volti za betri kompresa inaposhika, kwa sababu alteneta (jenereta inayochaji betri) dhaifu nayo huielemea injini ndogo kama hii.