Ushauri: Mtoano umefika, wenzangu wanataka nimweke benchi mzee aliyetubeba msimu mzima

Mtoto wa Tabora (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Louisville, Kentucky, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye ghala. Naombeni ushauri kabla ya Jumanne, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Kazini tuna timu ya softboli ya watu wazima, wanaume kwa wanawake. Kwa asiyeujua mchezo, huu ni ndugu wa besiboli. Mpira ni mkubwa zaidi, na mrushaji anaurusha mkono ukitokea chini, unapanda kama upinde halafu unamshukia mpigaji. Uwanjani mnakuwa kumi, inningi saba, yaani vipindi saba ambavyo kila timu inapata zamu ya kupiga. Mimi ni kapteni. Sikuchaguliwa kwa ubora, ila nilikubali kazi ya kuwapigia watu simu kila Jumanne wasisahau mechi.

Msimu umeisha: mechi 10, tumeshinda 6. Tumeingia mtoano na timu nyingine saba, na ukifungwa mara mbili ndiyo unatoka.

Sasa tuna mzee mmoja wa Uvira, Kongo, ana miaka 58. Aliupenda mchezo huu siku alipopita Main Street akaliona lile gongo la chuma la futi 120 lililoegemezwa kwenye jengo la makumbusho ya Louisville Slugger. Akauliza watu la nini, akaelezwa, wiki ile ile akanunua glavu ya mtumba. Mpaka leo ina jina la mtoto wa watu kwenye kidole gumba, limeandikwa kwa wino mzito. Hapigi mbali. Mbio hana, goti la kushoto linamsumbua. Lakini katika mechi 10 amekuja zote 10. Mwezi wa sita kuna mechi mbili tulifika watu wanane tu, yeye akiwemo, na kwenye ligi yetu mkipungua wanane mnapoteza mezani 7–0. Zote mbili tulishinda.

Yeye pia ndiye mwandishi wetu wa daftari la matokeo. Kule kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwandiko wake wa penseli ukiuona utajua. Mechi ikiisha, wengine tunakimbilia magari, yeye anakaa chini na kitambaa anafuta tope mpira mmoja mmoja kabla ya kuirudisha kwenye begi.

Shida ni hii. Msimamizi wetu wa zamu, naye yumo kwenye timu, ana mpwa wake aliyecheza besiboli chuoni. Kijana akiupata mpira unavuka uzio. Ila amecheza nasi mechi 3 tu, na kanuni ya ligi inataka angalau 4 ndipo uruhusiwe mtoano. Msimamizi anataka niandike jina la kijana kwenye mechi moja ya Mei ambayo hakuwepo, halafu nimwambie mzee "apumzike". Mwenzetu mmoja akaongeza kwenye kundi la WhatsApp kwamba huu mchezo sisi hatujaukulia. Mzee yumo kwenye lile kundi. Hakujibu neno. Jumamosi akaja mazoezini na chupa yake ya chai ya tangawizi, akatumiminia wote, na aliyeandika pia.

Sitaki kujifanya malaika, kushinda nataka sana. Na huyo msimamizi ndiye anayepanga zamu zangu. Nifanyeje?

---

Chuma cha Houston

Mkuu, nitakwambia nilivyoona, usinichukie. Ligi ni ya kufurahi, mtoano ni wa kushinda. Miezi yote mzee amecheza, sasa ni zamu ya wenye uwezo. Hata nyumbani timu ikifika fainali, aliyekuja mazoezini kila siku si lazima aanze. Mwambie ukweli kama mwanaume mwenzako, ataelewa. Watu wazima hawavunjiki kwa kukaa benchi.

Ila la kuandika jina la uongo hapana. Hapo simo.

---

Refa wa Minnesota

Hujambo ndugu. Mimi ni Mkenya, naishi Minneapolis, na huu ni mwaka wa nne nachezesha softboli jioni na wikendi. Nitaanza na hilo daftari kwa sababu naona hujapima uzito wake.

Kwenye hatua hii timu pinzani huangalia majina kuliko mnavyofikiri. Kijana akiupeleka mpira nje ya uzio mara mbili, kapteni wao atanijia kati ya inningi aulize, "Huyu tulimwona lini?" Watu wana picha za kila mechi kwenye simu. Akikata rufaa na ikathibitika mlimchezesha asiyestahili, mechi inakwenda kwao, na ligi nyingi hazimalizii hapo: zinaitoa timu nzima na kumfungia aliyetia sahihi. Aliyetia sahihi ni wewe. Msimamizi wako atakuwa nyumbani.

Tena fikiria nani anaandika daftari. Unataka umwendee mwalimu mstaafu umwambie afute kwa raba alichokiandika kwa mkono wake, ili aingie atakayechukua nafasi yake? Mimi ningeshindwa kumtazama usoni.

Sasa la kukusaidia. Soma karatasi ya kanuni za ligi yenu leo, au pigia ofisi yao. Uliza maswali matatu. Je, mnaweza kuweka wapigaji zaidi ya kumi kwenye orodha? Ligi nyingi za burudani zinaruhusu kumi na moja au kumi na mbili, na nyingine zinaruhusu timu nzima ipige huku kumi tu wakisimama uwanjani. La pili: je, mchezaji aliyeanza akitolewa anaweza kurudi? Kwa kanuni za kawaida anarudi mara moja, nafasi ile ile ya kupiga. La tatu: je, mwenye maumivu anaruhusiwa kukimbiliwa na mwenzake akishafika besi, yaani kituo cha mkimbiaji? Majibu yakiwa ndiyo, huenda hakuna haja ya mtu yeyote kukaa benchi siku nzima, na mnagombana bure.

---

Mama Wawili Ohio

Refa amenisaidia, mimi niongeze la uwanjani. Nacheza timu mchanganyiko hapa Columbus na nilianza nikiwa na miaka 41 baada ya watoto kukua. Sikuwahi kushika gongo kabla, nilikuwa mtu wa rede tu, pale katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku mpira unakutafuta mbavu. Jicho la rede linasaidia, niamini.

Huyo mzee msimfundishe kupiga mbali. Mfundisheni kusubiri. Mpira wa polepole unapanda, unamdanganya mpigaji, mikono inatangulia. Asimame nyuma kabisa ya kisanduku, auache mpira ushuke mpaka usawa wa kiuno, aupige chini upande wa kulia au katikati, kwa mrushaji. Na ligi nyingi za jioni, ili kuokoa muda, humwanzisha mpigaji akiwa tayari ana mpira mmoja mzuri na mmoja mbaya. Maana yake mibaya mitatu tu zaidi na anatembea besi ya kwanza bila kupiga. Mtu mtulivu ni mali pale.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume husahau. Kwenye timu mchanganyiko kanuni nyingi zinasema mwanaume akitembezwa bila kupiga anapewa besi mbili, ili timu isimkwepe mwanaume na kumvizia mwanamke anayefuata. Kwa hiyo mzee akisubiri vizuri anajikuta besi ya pili na goti lake salama. Baada yake weka dada mwenye mkono mzuri. Sisi tumepata pointi nyingi kwa njia hiyo kuliko kwa mipira ya kuvuka uzio.

---

Mwana wa Ziwa

Mimi natoka upande wa huyo papa, Kivu ya Kusini, nipo Kanada sasa. Ndugu yangu, soma haya polepole.

Papa kama huyo, alikotoka alikuwa mwalimu. Watu walimsimamia njiani wakamsalimu. Amefika huku, kazini anaitwa kwa jina la kwanza na vijana wa miaka ishirini, anasukuma maboksi. Jumanne jioni ndipo mahali pekee anapovaa jezi yenye namba na mtu anamwambia "zamu yako". Baba yangu alikuwa hivyo na kwaya ya kanisa. Walipomwambia sauti yake imechoka hakubisha, aliacha tu kutoka nyumbani Jumapili.

Sisemi papa acheze inningi zote. Labda hata yeye hataki. Lakini umemuuliza? Katika maelezo yako yote sijaona mahali ulipokaa naye. Nenda kwake, si simu, si WhatsApp. Kunywa hiyo chai. Mweleze yote, hata la daftari, kwa sababu lile kundi amelisoma na tayari anajua nusu. Kimya chake siku ile si cha kukubali.

---

Kalangala Boy

Kwa aliyesema "hatujaukulia": mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapa Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla, wenzao wa Kampala walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Mchezo unakuliwa na anayeucheza. Mpelekee hiyo kwenye kundi lenu.

---

Chuma cha Houston

Mwana wa Ziwa, nimekusoma mara mbili. Mleta mada, nabaki kwamba mtoano ni wa kushinda, ila naondoa neno "ataelewa". Kamuulize kwanza.

Kuhusu msimamizi: mjibu kwa kanuni, usimjibu kwa maadili. Ukimwambia "si haki", ataona unamhukumu. Mwambie "ofisi ya ligi inasema mechi 4, tukikamatwa tunatolewa wote." Hapo hana la kukuwekea kinyongo, na zamu zako zitabaki zilivyo. Kijana mpeni kazi ya kuelekeza wakimbiaji pale besi ya kwanza. Mwakani mechi zitatosha.

---

Mtoto wa Tabora

Asanteni sana. Nimepiga simu ligi: wapigaji mpaka kumi na mbili ruksa, kurudi mara moja ruksa. La kukimbiliwa nimesahau kuuliza. Leo jioni nakwenda kwa mzee.

---

Mtoto wa Tabora (MREJESHO)

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyowaahidi baadhi yenu inbox.

Kwa mzee nilikaa saa mbili. Nilipofika kwenye habari ya daftari alinyamaza, akaenda chumbani akalileta, akafungua ukurasa wa ile mechi ya Mei. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli majina ya wote waliofika, na hali ya hewa: mvua nyepesi. Akaniambia, "Mwanangu, siku hii tulikuwa tisa. Mimi nakumbuka." Basi. Hakuongeza neno. Halafu akasema mwenyewe kwamba kule nje kulia, nyuma kabisa ya uwanja, mipira inapokuja juu, jua la jioni linamuumiza macho, na kwamba kama ni kusimama uwanjani inningi tatu zinamtosha, ila kupiga anapenda apige mpaka mwisho.

Msimamizi nilimjibu kama Houston alivyosema, kwa kanuni. Aliguna, akasema sawa. Mpwa wake alikuja Jumanne, akasimama besi ya kwanza kuelekeza, na kusema kweli ni kijana mzuri. Kabla ya mechi alimchukua mzee pembeni akamwonyesha namna ya kuchelewesha mikono.

Tumefungwa 14–11. Mzee alipiga mara nne: mara mbili auti, mara moja mpira ulipita chini katikati akafika besi ya kwanza, mara moja alitembezwa akapewa besi ya pili, dada aliyefuata akampigia, akafika nyumbani, besi ya mwisho inayotoa pointi, akichechemea huku tunapiga kelele benchi zima. Lakini inningi ya tatu mpira ulimpita katikati ya miguu kule nje wakaingia wawili. Yule wa WhatsApp alitupa glavu chini. Mzee aliporudi benchi alichukua penseli na kujiandikia kosa lake kwenye daftari, kwenye kisanduku chake, akaligeuza nione kama ameandika sawasawa.

Tumebaki na uhai mmoja. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni tunacheza na timu iliyotufunga mwezi wa saba. Mzee ameomba awe anadaka nyuma ya mpigaji, anasema huko hakuna jua na kwenye mpira wetu wa polepole hakuna wa kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, kazi ni kudaka na kurudisha. Nina hofu na goti, na wakimbiaji wanaokuja nyumbani kwa kasi. Refa wa Minnesota, au yeyote anayejua: kwenye ligi zenu mkimbiaji anaruhusiwa kumgonga mdakaji, au mna mstari wa pembeni wa kufikia nyumbani? Naomba jibu kabla ya kesho mchana, nipange orodha.