Shamba darasa lenye wabia wanne: tuandikeje makubaliano?

Mkulima wa Mbozi: Wakuu, kikundi chetu cha shamba darasa (shamba la kujifunzia kwa vitendo) la mahindi kina watu 25. Halmashauri, TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo), msambazaji wa mbegu na AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) wamekubali kushirikiana nasi. Tufanyeje ubia usife katikati ya msimu?

Bwana Shamba: Andikeni nani analeta nini, na tarehe. Mbegu na mbolea zifike ghalani wiki mbili kabla ya mvua. Hapa ndipo ubia mwingi unapokwama, maana fedha za mradi hufuata kalenda ya ofisi, si ya mvua. Afisa ugani aje kila wiki, siku ileile. Mafuta ya pikipiki yake yaandikwe nani analipa.

Mama Ushirika: Msambazaji asipewe shamba lote! Gaweni vitalu: kimoja mbegu yake, kingine mbegu mliyoizoea. Nafasi sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo, mbolea sawa, mpande siku moja. Mkibadilisha mbegu na mbolea kwa pamoja hamtajua kipi kimeongeza mavuno. Mkipima mavuno, acheni mistari ya pembeni ya kila kitalu.

Bwana Shamba: Naunga mkono. Daftari la vipimo likae kwa katibu wa kikundi, kila mbia apewe nakala.