Naomba ushauri: niwafundishe vipi vijana sanaa ya Gutai?

Wakuu habari zenu. Nafundisha vijana uchoraji, na nataka waijue Gutai, kundi lililoanzishwa Japani mwaka 1954 chini ya Jiro Yoshihara. Mzee huyu aliwataka wenzake wasimwige mtu, wafanye jambo ambalo halijawahi kufanywa. Na walifanya kweli! Kazuo Shiraga alining'inia kwenye kamba akachora kwa nyayo. Rangi ni nzito, na mpaka leo mburuzo wa miguu unaonekana kwenye kanvasi. Mwaka 1956 Atsuko Tanaka alivaa vazi la balbu na taa za rangi, zikiwaka na kuzimika mwilini mwake. Kwangu hiyo ndiyo kazi yao bora kuliko zote.

Kinachonitatiza ni Saburo Murakami. Mwaka 1955 alipita katikati ya karatasi zilizowambwa kwenye fremu, akizitoboa kwa mwili. Je, niwaonyeshe vijana picha tu, au niwambe karatasi nao wapite? Nahofia watakuwa wanaiga, na hilo ndilo Yoshihara alilokataa. Lakini picha pekee haitoi ule mlio wa karatasi kupasuka. Mliowahi kufundisha sanaa ya vitendo, mngeanzaje?