Gauni la kokteli na buti: inawezekana au nitachekwa?

KisiginoKimoja: Wapendwa, habari zenu. Jumamosi jioni nina hafla ya kazini, kadi imesema wazi: vazi la kokteli, yaani la jioni, nadhifu ila si rasmi kabisa. Gauni ninalo, satini ya kijani iliyokoza, mikono mirefu, pindo chini kidogo ya goti. Kasheshe ni miguu. Mwezi uliopita nilitegua kifundo, daktari kanipiga marufuku skuna. Nina buti nyeusi za ngozi, soli nene, zinaishia katikati ya shavu la mguu. Nimejitazama kwenye kioo, naona askari aliyevamia harusi. Kosa liko wapi? Au nitafute simpo, viatu bapa visivyo na kisigino, yaishe?

FundiCherehani: Kosa si buti, dada, ni pale zinapoishia. Kwenye shavu ndipo mguu ulipo mnene. Buti ikikata hapo na pindo likikata juu yake kidogo, katikati kinabaki kipande cha ngozi kama kiraka, mguu unaonekana mfupi. Vaa buti ndefu iingie ndani ya pindo mdomo wake usionekane, au fupi inayobana kifundoni ili muundi wote uonekane. Hizo za katikati waachie jinzi.

MlinziWaKanuni: Buti usiku wa hafla? Hapana jamani. Kokteli ni skuna au sendozi ya kung'aa, basi.

Tulivu: Mlinzi, mtu kategua mguu! Na hiyo kanuni ilivunjwa kitambo: mwaka 1964 mbunifu mitindo Mfaransa André Courrèges alionyesha kule Paris vigauni vifupi na buti fupi nyeupe zisizo na kisigino, wengi wakaiga. Dada, kama hutaki kununua kitu, vaa taiti nyeusi nzito. Taiti na buti zikiwa rangi moja, ule mkato unapotea. Ila ndani weka shimizi, satini hung'ang'ania taiti ukitembea.

FundiCherehani: Shimizi naunga mkono, na nilisahau soli. Satini ni nyepesi, soli nene inaizidi nguvu. Ingekuwa velveti au lesi nzito nisingesema kitu. Simpo nayo si mbaya, mradi iwe na ncha iliyochongoka na ionyeshe mgongo wa mguu; ya duara itakufanya mwanafunzi.

PembeniTu: Raba nyeupe je?

Tulivu: Ziweke kwenye mkoba, utarudi nazo nyumbani 😂

KisiginoKimoja: Mrejesho. Kwa taiti, askari kapungua cheo lakini hajaondoka. Dada yangu ndiye kaniokoa: kanipa buti zake fupi zenye mpira pembeni, soli nyembamba, kisigino sentimita 3. Zinashika kifundo kuliko simpo yoyote. Zimenizidi kidogo, nimeongeza soli ya ndani. Bila taiti. Sasa hereni, ndefu au fupi?

MlinziWaKanuni: Fupi. Na picha tuletewe, nione kama nitameza maneno yangu.