Tupeane uzoefu: waliposoma simu yako, karatasi ya ruhusa ilisainiwa na nani?

Mwana Katuba, Lubumbashi

Bandugu, habari zenu. Mimi nauza unite (salio la simu) na namba za simu hapa Katuba. Mwaka 2021 mama mmoja alikuja kununua namba, hana kadi ya kura (na kwetu Kongo kadi ya kura ndiyo kitambulisho chenyewe). Nikamhurumia, nikaandikisha namba kwa kadi yangu. Miezi minne baadaye nikaitwa: namba ile imetumika kumtapeli mzee pesa zake za simu. Nikalala ndani usiku mbili.

Kilichonitoa ni orodha ya simu. Ilionyesha namba ile ilikuwa inapiga kwa mnara wa Likasi, mji mwingine, saa ambazo mimi nilikuwa dukani nawarushia watu unite. Kwa hiyo sitasema serikali isitazame kabisa, ningekuwa bado gereza la Kasapa mimi.

Shida ilikuja pale walipoanza kuniuliza juu ya dada mmoja ninayempigia kila usiku. Karatasi yao ilitaja namba moja, ile ya utapeli. Na orodha ya namba yangu ya kila siku, miezi mitatu nzima, waliitoa wapi? Mpaka leo sijajibiwa. Nanyi yaliwapata?

Mama wa Kadutu, Bukavu

Mimi simu yangu iliibwa sokoni, na picha za marehemu mume wangu zote ndani. Nikaomba itafutwe. Wakasema: leta rekizisyo ya parke, yaani barua ya amri ya ofisi ya mwendesha mashtaka. Nikaifuata wiki tatu, nenda rudi, kila mlango na pesa yake. Simu haikupatikana.

Sasa sikilizeni. Wakati wa ugomvi wa urithi, shemeji yangu alikuja kwenye kikao cha familia ameshika orodha ya simu zangu. Nani nilimpigia, saa ngapi, dakika ngapi. Hana karatasi ya mtu yeyote! Alijuana na kijana anayefanya kazi huko kwenye kampuni ya simu, akampa pesa ya kunywa kitu, mchana mmoja ikawa imetoka. Mwenye simu anazungushwa, asiye na haki nayo anapewa.

Kijana wa Birere, Goma

Sisi huku tuliingizwa katika hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini pamoja na Ituri. Wanajeshi wakachukua utawala, hata kesi za jinai za raia zikaenda kwa mahakama za kijeshi. 2022 nikasimamishwa kwenye bariere (kizuizi cha barabarani): "Fungua WhatsApp." Akasoma kundi la vijana wa mtaa, akakuta picha ya maandamano. Nikamuuliza kwa heshima kama kuko karatasi. Akanijibu, "Kuko hali ya kuzingirwa." Basi. Kila swali, jibu ni hilo hilo. Tangu siku ile nilinunua simu ya tochi ya kupita nayo bariere.

Ya kuanzia Januari 2025, mji wetu ulipobadili mikono, siandiki hapa.

Karani mstaafu, Lubumbashi

Wanangu, nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, nawaeleza ninachokijua. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya barua na simu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Tundu liko kwenye hayo maneno ya mwisho.

Kijana wa Birere, nikuambie ukweli hata kama utauma. Kifungu cha 61 kinataja haki zisizoguswa hata wakati wa hali ya kuzingirwa. Haki ya kujitetea na ya kukata rufaa zimo. Siri ya simu haimo.

Na wewe wa Katuba, karatasi yako bila shaka ilisainiwa na parke. Katiba iliporekebishwa 20 Januari 2011, parke ilitolewa kwenye kifungu cha 149, kinachotaja wenye mamlaka ya mahakama. Maana yake aliyeruhusu usomwe ni yule yule anayekushtaki. Mafaili niliyopokea mimi, orodha ya simu ilikuwa imeshabandikwa ndani. Jaji anaikuta imesomwa, na anayesomwa wala hajui.

Lakini ulisema usiku mbili. Kifungu cha 18 kinatoa saa 48, basi. Baada ya hapo waachilie au wakupeleke mbele ya sheria. Uliingia lini, ukatoka lini?

Mwana Katuba, Lubumbashi

Papa Karani, niliingia Ijumaa saa kumi jioni. Nikatoka Jumapili saa moja usiku, nakumbuka kwa sababu watu walikuwa wanawasha taa.

Karani mstaafu, Lubumbashi

Saa 51 hizo. Kwenye pe-ve, ile taarifa rasmi ya maandishi, waliandika umetoka saa ngapi?

Mwana Katuba, Lubumbashi

Saa nane mchana. Nilisaini mwenyewe, papa. Nilitaka kwenda nyumbani.