Malalamiko: Unaambiwa "mfupa uko salama" wakati ligamenti ya goti imekatika

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nalalamikia tabia iliyozoeleka katika vituo vya matibabu ya kumpokea mtu aliyeumia goti akiwa mchezoni, kumpeleka moja kwa moja kupigwa eksirei, kuitazama ile picha kwa sekunde chache, kisha kumwambia, "Mfupa uko salama, ni mshtuko wa kawaida tu, nenda kapumzike." Eksirei haionyeshi ligamenti, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Kila aliyesomea tiba analijua hilo, na ndiyo maana linaniuma zaidi ninapoona picha hiyohiyo ikitumika kumfungia mgonjwa mlango.

Mimi ni mwanamke, na mpira wa kikapu nimeucheza tangu nikiwa shuleni. Siku niliyoumia nilirukia mpira, nikatua kwa mguu mmoja huku mwili ukiwa umeshaanza kugeuka, na hakuna mtu yeyote aliyenigusa. Nilisikia kitu kikilia ndani ya goti, "ta!", na mwenzangu aliyekuwa karibu naye alikisikia. Kabla usiku haujaingia goti lilikuwa limejaa kiasi kwamba pia ya goti, kile kifupa cha mbele, haikuonekana tena. Hayo yote niliyaeleza mbele ya daktari kwa mpangilio huohuo, naye akayaandika yote kwa maneno matatu: "maumivu ya goti". Hakuniambia hata nipandishe suruali. Alichokigusa ni ile picha, akainyanyua kwenye mwanga, akasema mfupa uko salama, akaandika dawa za kutuliza maumivu na bandeji.

Naomba mnielewe kwamba maelezo niliyompa yalikuwa karibu yanautaja ugonjwa wenyewe. Ligamenti ya msalaba ya mbele, ambayo wanamichezo tumezoea kuiita ACL, ndiyo inayouzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele ya mfupa wa paja, na ndiyo inayolidhibiti goti mtu anapogeuka. Mara nyingi hukatika bila mtu kugongwa na yeyote: mchezaji anapunguza mwendo ghafla, anabadili mwelekeo au anatua vibaya, unyayo umekita chini, goti linaingia kwa ndani na mwili unaendelea kuzunguka juu yake. Wengi husikia mlio. Kisha goti hujaa ndani ya saa chache, na kasi hiyo ndiyo inayopaswa kumshtua daktari, kwa sababu uvimbe unaokuja upesi namna hiyo kwa kawaida ni damu, ilhali maji yanayotokana na meniska (kile kipande laini kama mto kinachokaa kati ya mfupa wa paja na ugoko) iliyochanika peke yake huja polepole, pengine hadi kesho yake. Mwanamichezo ambaye goti lake limejaa damu na mfupa haukuvunjika, uwezekano wa ACL yake kuwa imechanika ni zaidi ya nusu. Sisi wanawake tunaocheza mpira wa miguu na wa kikapu tunaumia ligamenti hii kwa kiwango cha takribani mara 2 hadi 3 ya wanaume wanaocheza michezo hiyohiyo, jambo ambalo lilipaswa kumfanya daktari anitilie mashaka zaidi. Badala yake niliulizwa kama nimeongezeka uzito.

Turudi kwenye eksirei, maana watetezi wake najua watakuja. Sisemi isipigwe. Ipo kanuni iliyotungwa Ottawa, nchini Kanada, na kuchapishwa mwaka 1995, inayowaongoza madaktari kujua ni goti lipi lililoumia linahitaji eksirei: mgonjwa awe na umri wa miaka 55 au zaidi, au aumie akibonyezwa juu ya pia ya goti peke yake, au aumie kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni ya ugoko, au ashindwe kukunja goti hadi nyuzi 90, au ashindwe kutembea hatua 4. Someni masharti hayo yote, hamtakuta hata moja linalouliza habari za ligamenti, kwa kuwa kanuni nzima imewekwa kwa ajili ya kutafuta mfupa uliovunjika. Kwa hiyo daktari anayesema "eksirei ni safi" amejibu swali la mfupa, na swali la ligamenti bado hata hajaliuliza. Tena hata hiyo picha yenyewe inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu mara chache huwa na kipande kidogo cha mfupa kilichobanduka kwenye ukingo wa nje wa sehemu ya juu ya ugoko, alama aliyoieleza daktari Mfaransa Paul Segond mwaka 1879, kabla mionzi ya eksirei yenyewe haijagunduliwa. Kikionekana kipande hicho, ni nadra kukuta ACL ikiwa nzima. Mtu anayeipitisha picha kwenye mwanga kwa sekunde chache atakionaje?

Sasa nije kwenye mikono, ambayo ndiyo kiini cha lalamiko langu. Kuna kipimo kinachoitwa kipimo cha Lachman, kilichoelezwa na daktari Joseph Torg na wenzake mwaka 1976 na kupewa jina la mwalimu wa Torg, John Lachman wa Philadelphia, Marekani. Hakihitaji mashine wala umeme. Mgonjwa analala chali, goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30, daktari anashika paja kwa mkono mmoja juu kidogo ya goti ili lisitikisike, mkono wa pili anaushika ugoko kwa nyuma karibu na goti, kisha anauvuta kuelekea mbele. Ligamenti ikiwa nzima, ugoko unasogea kidogo halafu unagota ghafla, na mpimaji anausikia mgoto huo mkononi. Ligamenti ikiwa imekatika, ugoko unaendelea kuja mbele na mwisho wake ni laini, hakuna kinachouzuia. Halafu, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, anafanya vivyo hivyo kwenye goti lisiloumia ili alinganishe, kwa kuwa kuna watu ambao magoti yao yamelegea tangu kuzaliwa na wengine yamekaza. Kipimo hiki kikifanywa na mtu aliyekizoea kinawatambua wengi sana wa wale ambao ACL yao imekatika.

Daktari wa pili niliyemwendea alinigusa, namshukuru kwa hilo, lakini alichofanya ni kukunja goti nyuzi 90, akakalia mguu wangu na kuvuta ugoko mara moja, akasema halichezi. Kipimo hicho kipo, ila kinajulikana kuwa dhaifu kwa goti bichi lililoumia karibuni, kwa sababu goti lenye maumivu na damu ni vigumu kulikunja kiasi hicho, na misuli ya nyuma ya paja hujikaza yenyewe na kuushikilia ugoko usisogee. Mtu mwenye mapaja yenye nguvu, yaani mtu wa mazoezi, ndiye anayemdanganya mpimaji zaidi. Goti langu la upande wa pili hakuligusa.

Na ikiwa goti limevimba kupita kiasi cha kupimika, sawa, hilo linaeleweka kabisa. Jibu lake ni kumwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi baada ya wiki moja au mbili, uvimbe ukishapungua, ili apimwe upya. Mimi sikuandikiwa tarehe yoyote, niliambiwa nirudi "kama maumivu yatazidi". Yalipungua, kama yanavyopungua kwa karibu kila mtu mwenye jeraha hili, na kila niliporudi kueleza kwamba goti silo, nilijibiwa kwamba mbona natembea vizuri. Kutembea vizuri hakuthibitishi chochote hapa. Mtu aliyekatika ACL anaweza kutembea sawasawa baada ya wiki chache, hata kukimbia kwa kunyooka, kwa kuwa kazi kubwa ya ligamenti hii inaonekana mtu anapogeuka na anaposimama ghafla. Nilikuwa natembea siku nzima bila shida, kisha nikageuka kuchukua mkoba ulioachwa nyuma ya kiti, unyayo ukiwa umekita chini, na goti likaniachia nikaangukia meza. Dalili ya goti kumwachia mtu wakati wa kugeuka imeandikwa kwenye kila kitabu cha majeraha ya michezo. Aliyekuwa ananisikiliza akaniambia nipunguze wasiwasi.

Kila goti linapoachia namna hiyo, meniska na gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) husagwa kati ya mifupa miwili isiyotulia, na huko ndiko hasara ya kuchelewa inakozaliwa. Takribani nusu ya watu walioumia ACL au meniska huonyesha dalili za kusagika kwa goti miaka 10 hadi 20 baadaye, wakiwa bado na umri wa kufanya kazi na kulea watoto, na hiyo ni hata kwa waliotibiwa. Kumwachia mgonjwa wa namna hiyo arudi uwanjani kwa sababu "mfupa uko salama" ni kumwongezea jeraha juu ya jeraha.

Lililonichoma zaidi ni majibu mawili niliyopewa nilipoomba uchunguzi wa kina wa MRI, yaani picha ya sumaku inayoonyesha hata ligamenti. La kwanza lilikuwa, "MRI ni ya wachezaji wa kulipwa." La pili, "Kwani lazima ucheze? Acha michezo, umri unakwenda." Naomba niyajibu yote hapa, maana huko sikupewa nafasi. Goti la mtu anayecheza jioni baada ya kazi limeumbwa kwa ligamenti zilezile za mchezaji anayelipwa, na analihitaji kwa kupanda ngazi, kubeba mtoto na kusimama kazini. Kumwambia mtu aache michezo bila kujua kilichokatika ni kumpa tiba ya ugonjwa usiojulikana. Kama kuna siku nitaacha, nitaacha nikiwa najua goti langu lina nini.

Na wale wanaosema hakuna haja ya kujua kwa sababu wengi hawataki upasuaji, wanakosea pia. Utafiti uliofanyika Sweden kwa vijana 121 wanaojishughulisha na michezo, ukachapishwa mwaka 2010, uliwalinganisha waliofanyiwa upasuaji mapema na walioanza kwa mazoezi tiba huku upasuaji ukibaki kama akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili hali za makundi yote mawili hazikutofautiana kwa maana, na zaidi ya nusu ya kundi la mazoezi hawakuwa wamehitaji kufanyiwa upasuaji wa ligamenti. Lakini wote hao walishajulikana wana nini. Walikuwa na mpango, na mtu wa kuwafuatilia. Mazoezi ya goti lililokatika ligamenti ni kazi ya miezi, yenye hatua za kuimarisha paja mbele na nyuma, kufundisha goti kutua na kugeuka upya, na kupimwa kabla ya kuruhusiwa kurudi uwanjani, na kwa waliofanyiwa upasuaji hushauriwa isipungue miezi 9. Huo si mpango anaoweza kuuanza mtu aliyeambiwa ana mshtuko wa kawaida.

Aliyenisaidia hatimaye ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nilisikia mlio na goti lilijaa baada ya muda gani, akapima goti zima kwanza, kisha bovu, akanyamaza kidogo, akarudia. Nilihisi mwenyewe ugoko ukisogea. Kwenye fomu ya MRI aliandika swali kamili, kwamba anashuku ACL imekatika na meniska ya ndani iangaliwe, tofauti na fomu zinazoandikwa "maumivu ya goti" na kumwachia msomaji wa picha abahatishe. Majibu yalirudi kama alivyoshuku: ACL imekatika yote, na meniska ya ndani imechanika. Hakuna wa kuniambia kwa uhakika kwamba meniska ilichanika lini, ila goti langu halikuwa likinasa miezi ya mwanzo, lilianza kunasa baada ya kuniachia mara nyingi.

Nimewasilisha malalamiko kwa maandishi kwa uongozi wa kituo cha kwanza, nikiomba maelezo ya kwa nini goti langu halikupimwa kwa mikono na kwa nini sikupewa tarehe ya kurudi. Hadi naandika hapa sijajibiwa.

Kwa mliomo humu ambao mmeumia goti karibuni: mkisikia mlio, goti likajaa siku hiyohiyo, na baadaye likawa linawaachia mnapogeuka, msikubali kuondoka kabla magoti yote mawili hayajapimwa kwa mikono, na ombeni kiandikwe ni kipimo gani kimefanywa na kimeonyesha nini. Goti likijifunga lisinyooke, au mguu ukawa wa baridi na ganzi chini ya goti, msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo.

Na kwa madaktari na wafiziotherapia wa jukwaa hili, nauliza nikiwa nataka jibu la kweli: ni kitu gani kinachozuia goti la mgonjwa lisishikwe? Kama ni foleni, semeni ni foleni. Kama ni kwamba kipimo hiki kilifundishwa darasani mara moja na hakikurudiwa tena wodini, semeni hivyo pia, ili tujue lalamiko hili tulipeleke wapi.